Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Prodyuza: Naomba Kelele Zangu

Kwako Mheshimiwa Prodyuza Mkuu, Mwenye Studio, Mkuu wa Maikrofoni Zote, Mlinzi wa Sauti Safi kuanzia Ruiru hadi Thika na vitongoji vyake,

MINTARAFU: KELELE ZANGU

Shikamoo, Mheshimiwa. Shikamoo tena, kwa kuwa ya kwanza huenda ilikupita ukiwa umevaa hedifoni. Pokea salamu zangu za unyenyekevu pamoja na za wenzangu walionituma: mzee wetu wa akodioni, mwanawe wa karing'aring'a, na mpwa wangu wa chupa. Sisi huku Gatong'ora hatujambo, hofu ni kwako wewe uliyebeba masikio ya watu wote hawa. Tunakuombea afya njema, stima isiyopotea, na kompyuta isiyogoma katikati ya kazi.

Nakuandikia hadharani kwa sababu ya heshima. Simu yako nimeipiga ikaita mpaka ikakata. Ujumbe nimekutumia, zikatokea zile alama mbili za buluu, nami nikashukuru kwamba macho yako yamepita juu ya maneno yangu. Mlangoni pako nimefika, kijana wako akaniambia uko kwenye miksi, na mtu aliye kwenye miksi hasumbuliwi. Nilielewa. Mkubwa wa kiasi chako hawezi kusimamisha nyimbo za watu kwa ajili ya mpiga gitaa kavu mmoja. Nimeona basi niandike mahali ambapo, hata usiposoma mwenyewe, atasoma mtu atakayekusimulia mkikutana.

Nijitambulishe, maana wateja wako ni wengi. Mimi ni yule wa gitaa kavu kutoka Gatong'ora. Ukiingia klabu yoyote ya Ruiru wikendi utakuta mugithi: mtu mmoja, gitaa lake limechomekwa kwenye spika, mashine inampigia ngoma. Ni kazi nzuri na inalisha familia. Sisi tumebaki na mwomboko, ngoma ya Wakikuyu iliyozaliwa enzi za ukoloni, ambayo akodioni huiongoza, karing'aring'a ya chuma huishikia mwendo, na watu huicheza wawili wawili, hatua kisha kuinama. Gitaa tuliliongeza wenyewe, na chupa pia, kwa mapenzi yetu. Tunapiga kwenye ruracio, yaani sherehe za mahari, kwenye harusi, na jioni za wazee. Wimbo tuliokuletea ni mmoja tu, na kwa wimbo huo mmoja umetutendea mema mengi kiasi kwamba sikulala vizuri mpaka nilipoamua kukushukuru.

Shukrani yangu ya kwanza ni kwa kututenganisha. Katika maisha yetu yote hatujawahi kupiga muziki bila kuonana nyuso. Wewe, kwa hekima yako, ulimwingiza mzee peke yake katika chumba chenye trei za mayai ukutani, ukamvisha hedifoni, ukamwekea mdundo wa klik sikioni. Alipomaliza akatoka, akaingia mwanawe. Alipotoka huyo, nikaingia mimi. Mpwa wangu na chupa yake aliingia wa mwisho, akiwa amekaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi. Kwa hisani yako tumepata wimbo wa watu wanne ambao hawakuwahi kuwa chumba kimoja. Najua ndivyo studio nyingi zinavyofanya, na najua sababu: kila mmoja akiwa kwenye trak yake, wewe unaweza kumpandisha huyu na kumshusha yule. Sisi tulizoea kupandishana na kushushana wenyewe, kwa macho.

Shukrani ya pili ni kwa maikrofoni. Uliiweka shubiri moja kutoka kwenye gitaa langu. Mheshimiwa, mke wangu amenisikiliza nikipiga tangu tulipooana, na hajawahi kuweka sikio lake shubiri moja kutoka kwenye nyuzi. Hakuna binadamu aliyewahi. Msikilizaji wetu huketi ng'ambo ya moto au meza, na hapo alipo, mlio wa vidole vyangu humfikia umepoa, umechanganyika na gitaa lenyewe. Wewe ulipeleka sikio mahali ambapo sikio haliendi, ukasikia mambo makubwa, ukashtuka, ukaniambia kwa upole kwamba gitaa langu lina kelele.

Nilikwenda nyumbani nikaichunguza hiyo kelele, ili siku ya kukushukuru nijue ninachoshukuru. Gitaa langu lina nyuzi sita za chuma. Mbili nyembamba ni waya mtupu. Nne zilizobaki zimezungushiwa waya mwembamba wa shaba mwanzo hadi mwisho, ili ziwe nzito za kutosha kutoa besi na bado zikubali kukunjika chini ya kidole. Ukipapasa juu yake unahisi vituta vidogo vilivyopangana. Kidole kinapohama kutoka freti moja hadi nyingine bila kuuachia uzi, kinavipita vituta hivyo, na kila kituta kinakwaruza ngozi. Kidole kikienda mbio, mlio unapanda. Kikienda taratibu, unashuka. Kwa hiyo mlio ule unasema kweli tupu: mkono umetoka wapi, umekwenda kwa kasi gani, umefika saa ngapi. Mpwa wangu wa chupa huusikiliza. Akiusikia unapanda anajua ninakimbilia juu, na anapunguza mkono ili nipite. Hakuna aliyemfundisha. Ameupata kwa kukaa karibu nami.

Na akodioni ya mzee, Mheshimiwa, ina pumzi. Chombo chenyewe ni mvukuto wenye vifungo. Ili kitoe sauti lazima mzee aufungue mvukuto uvute hewa, au aubane uisukume. Kila anapogeuza, kuna kipande kidogo cha wakati ambapo hewa inasikika kabla ya noti. Mzee naye, kwa kuwa ana umri na mvukuto ni mzito, huvuta pumzi yake pamoja na ya chombo. Pumzi hizo mbili hutokea mahali pamoja kila mara, kabla tu ya kuinama. Wachezaji wetu wa Gatong'ora hawahesabu. Wanaisikia ile hewa, magoti yanajua.

Hayo yote uliyaondoa. Ulipotutumia wimbo kwenye simu tuliketi wote wanne tukausikiliza, na ulikuwa safi kweli. Vidole vyangu havikuwa na mlio. Mvukuto haukuwa na hewa. Kiti cha mzee, ambacho hulia anapoegemea kushoto kwenye kibwagizo, kilikuwa kimya. Vifungo vya akodioni havikugonga. Chupa ilibaki na sauti yake ya juu tu, ule mkwaruzo wa msumari kwenye mistari ya kioo ulikuwa umekwenda. Mzee aliurudia wimbo mara kadhaa, akaniuliza kama tumelipa, nikamwambia ndiyo, akanyamaza.

Nilitaka kuamini kwamba kosa liko masikioni mwetu, watu wa kijijini tusiojua mambo. Bahati ikatokea harusi. Bwana harusi, kwa kutupenda, alimwomba DJ acheze wimbo wetu mpya badala ya sisi kupiga, ili nasi tule kwa raha. Akina mama wakasimama, wazee wakasimama, wakashikana. Hatua ya kwanza nzuri, ya pili nzuri, ikafika mahali pa kuinama. Nusu waliinama, nusu hawakuinama. Shangazi mmoja alimgonga mumewe kidevuni kwa kichwa. Wakacheka, wakaanza upya, ikawa vile vile. Wimbo haukuwa na hewa, nao hawakuwa na namna ya kujua. Baada ya beti mbili wakaketi, DJ akaweka kitu kingine. Mheshimiwa, watu wale wamecheza mwomboko tangu kabla mimi sijazaliwa. Sijawahi kuwaona wakiketi wimbo ukiwa katikati.

Sisemi hili kukulaumu, Mtukufu. Nalisema kwa sababu liliniuma, na ninajua mtu wa cheo chako angependa kujua kazi yake imefika mbali kiasi gani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafikiria wanamuziki waliokosa mtu kama wewe. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Kiafrika, alimkuta kijana mmoja mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi nchini Kongo, akipiga gitaa. Kijana huyo alikuwa Mwenda wa Bayeke, anayejulikana pia kama Jean-Bosco Mwenda. Tracey alimrekodi, na wimbo wa "Masanga" ukatoka hapo. Hapakuwa na chombo cha kuchomoa mlio wa kidole na kuiacha noti. Kilichokuwepo mbele ya maikrofoni ndicho kilichoingia. Santuri zikasafiri, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe akafika Nairobi kupiga. Wapiga gitaa wa Kenya walizisikiliza santuri hizo mpaka zikachakaa, wakijaribu kujua yule mtu anafanya nini kwa kidole gumba na cha shahada. Mimi nimejifunza kwa njia hiyo hiyo, kutoka kwa watu waliojifunza kwa njia hiyo. Mkono wa mtu usiyemwona unaufuatilia kwa kelele zake. Noti zinakwambia alipofika. Mikwaruzo inakwambia alivyofika hapo. Mtoto wa Ruiru atakayetaka kujifunza gitaa kutokana na wimbo wetu uliousafisha ataona mkono unatokea tu kwenye freti bila kusafiri, na atadhani hana kipaji.

Kuna George Mukabi wa Kisa, Magharibi mwa Kenya, aliyefariki mwaka 1963. Mtindo wa omutibo aliouvumisha una gitaa kavu na chupa ya soda, ile ya Fanta ya zamani yenye mistari ubavuni, inayogongwa na kukwaruzwa. Chupa ya mpwa wangu ilitoka kwa Mukabi, ijapokuwa mpwa wangu hajui. Ukimwondolea Mukabi mkwaruzo umemwondolea ngoma yake yote, maana hakuwa na ngoma nyingine.

Hata ng'ambo walikuwepo wa aina hii. Glenn Gould wa Kanada alirekodi Goldberg Variations za Bach mwaka 1955 mjini New York, na akazirekodi upya mwaka 1981. Mara zote mbili anasikika akiimba chini chini huku akipiga piano. Alikuwa na kiti alichokatiwa miguu na baba yake kiwe kifupi, na alikataa kukiacha hata kilipochakaa kikawa kinalia. Mafundi wa kurekodi walihangaika naye. Rekodi zile zinanunuliwa mpaka leo, na watu wanaozipenda wanazitambua kwa kuguna kwake. Nilipolisoma hilo nilifurahi, nikamwambia mzee wetu kwamba kuna Mzungu mwenye kiti kama chake. Mzee akauliza huyo Mzungu alirekodiwa kwenye studio gani.

Lakini tuache ya ng'ambo, maana hapa kwetu jambo ni zito zaidi. Gould alivumiliwa kelele zake. Vyombo vyetu vimeumbwa nazo. Mpiga nyatiti wa Kijaluo huketi kwenye kigoda, nyatiti iko chini ubavuni, njuga zimefungwa mguuni, na kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma ambayo inagonga mbao za chombo wakati nyuzi nane zinalia. Obokano ya Wakisii inavuma na kukoroma, na fundi aliyeitengeneza angeona aibu isipokoroma. Kule Uganda, endongo ya Waganda hufunikwa ngozi ya kenge, na nyuzi hupitishwa karibu nayo kwa makusudi ili ziiguse na kutoa mtetemo wa mkwaruzo. Watu walimsaka kenge, wakamchuna, wakaikausha ngozi na kuiwamba, ili wapate kitu ambacho programu yako inakipaka rangi nyekundu kwenye skrini na kukifuta. Karing'aring'a yetu ni chuma kinachopigwa na chuma, basi. Nisamehe kwa kuuliza, Mheshimiwa: siku ukiletewa mpiga nyatiti, utabakiza nini?

Sasa nije kwenye fadhila yako iliyo kubwa kuliko zote, ambayo sikuitarajia na bado sijui nikulipe nini. Baada ya ile harusi nilikuja kumwomba kijana wako aongeze angalau kidogo cha gitaa langu lilivyokuwa. Akanitumia wimbo kwa mara ya pili. Nikausikia mlio wa kidole! Nilifurahi sana. Kisha nikausikia tena, na tena, katika umbali ulio sawa kabisa. Nikachukua gitaa nikapiga pamoja na wimbo. Mlio ulikuwa unatokea mahali ambapo mkono wangu umetulia kwenye freti moja. Mahali ninapohama, kimya. Nikamuuliza kijana wako, naye akanijibu kwa adabu kwamba mlio ule si wangu, umetoka kwenye programu, na mmeuweka ili wimbo usikike wa kweli.

Nilikaa na neno hilo muda mrefu. Nimekuja kujua kwamba biashara hii ina miaka mingi. Mwaka 1991 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana juu ya orodha moja ya sauti 128, inayoitwa General MIDI, ili kinanda cha kampuni yoyote kielewane na cha nyingine. Nambari 121 katika orodha ile ni mlio wa vidole kwenye freti za gitaa. Nambari 122 ni pumzi. Zinazofuata ni mawimbi ya ufukweni, ndege, simu inayolia, helikopta na makofi, na ya mwisho, ya 128, ni mlio wa bunduki. Tangu hapo vyombo vya kompyuta vimekuwa vikishindana kwa kelele. Anayeuza piano ya programu anakuuzia na kishindo cha pedali, na sauti ya kitufe kinapoachiliwa, na kidude cha kusogeza ili uongeze au upunguze. Kampuni ya Marekani iitwayo iZotope iliweka kwenye programu yake ya RX 8, mwaka 2020, chombo cha kuondoa mikwaruzo ya vidole kwenye gitaa. Kampuni hiyo hiyo inagawa bure programu nyingine, Vinyl, ya kuutia muziki mpya vumbi na mikwaruzo ya santuri. Sina ugomvi nao. Wanatengeneza sindano na uzi, fundi ndiye anayeamua kushona au kutoboa.

Na kwa kuwa fundi ni wewe, nimemfikiria yule mtu wa programu. Mlio ule haukuzaliwa ndani ya kompyuta. Mahali fulani, mtu mwenye ngozi kwenye vidole aliketishwa mbele ya maikrofoni, akaambiwa apitishe kidole kwenye uzi wa besi, mara moja, mara nyingine, tena kwa nguvu, tena polepole. Huenda alikuwa mpiga gitaa hodari, akalipwa siku hiyo akaenda zake. Kidole chake sasa kiko ndani ya wimbo wa mwomboko wa Gatong'ora, kinahama wakati mimi nimetulia, na yeye hajui Gatong'ora iko wapi. Ninamwonea huruma kama ninavyojionea mimi. Vidole vyangu vimefutwa vikiwa vya kweli. Vyake vinatumikishwa mahali asipopajua, ili wimbo wangu uaminike.

Ankara yako niliipokea pia, ahsante. Ilikuwa na malipo ya kurekodi, malipo ya saa za kusafisha kelele, na chini yake malipo ya kutia uhalisia. Nimelipa yote kwa M-Pesa. Nililipa kuondolewa vidole vyangu, nikalipa kuwekewa vya mwenzangu, na risiti ninayo.

Mheshimiwa Prodyuza Mkuu, baada ya shukrani hizo zote, nina ombi. Nalileta nikiwa nimevua kofia.

Naomba unirudishie kelele zangu.

Najua utasema zimefutwa. Kijana wako, ambaye ni mwema, aliniambia programu inaweza kukusikilizisha kile tu kinachoondolewa, peke yake, kabla hujakubali. Maana yake ulizisikia. Zilikuwa mahali pamoja, zimetengwa na muziki, hewa ya mzee na kiti chake na vidole vyangu na msumari wa mpwa wangu, na ukabonyeza. Naamini rekodi ya kwanza bado unayo, kwa kuwa mtu mwangalifu kama wewe hatupi kitu. Basi rudia kazi uliyoifanya, lakini safari hii uutupe muziki na utuhifadhie taka.

Usidhani ninaomba jambo lisilo na mfano. Mwaka 1950 yule yule Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet wakiimba "Chemirocha". Rekodi ikaenda Afrika Kusini ikawekwa kwenye hazina ya muziki. Baada ya zaidi ya miaka 60, watu wa hazina hiyo wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi waliirudisha Kapkatet, wakawapa wenyewe. Sauti zikisafiri mbali kiasi hicho na kurudi, zangu ambazo ziko hapo Ruiru, mwendo wa matatu moja, zitashindwaje?

Wala usidhani kelele hizo hazina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataka kazi iwe imefanyiwa juhudi za kutosha kuipa upekee wake, na iwe imeandikwa au kurekodiwa. Juhudi zipo: ngozi ya vidole vyangu imekufa mara nyingi kwa sababu ya nyuzi zile. Upekee upo: hakuna kiti kingine Kiambu kinacholia kwa sauti ya kile cha mzee. Kurekodiwa, ulirekodi wewe. Tumekubaliana sisi wanne kuzitoa kelele zetu kama wimbo kamili, zikiwa peke yake, mwanzo hadi mwisho, kila moja mahali pake palepale ilipotokea. Tumeujaribu kwa kupiga bila kupiga: mzee anafungua mvukuto bila kugusa kifungo, mimi nahamisha mkono bila kudonoa uzi, chupa inakwaruzwa bila kugongwa. Shangazi yule wa harusini alikuwepo na mumewe. Walisimama, wakapiga hatua, wakainama pamoja, na hakuna aliyeumia.

Kwa hiyo, Mtukufu, naomba uisafishe kazi hiyo kwa ukamilifu ule ule uliotuzoesha. Ukikuta noti ya gitaa imebaki nyuma ya mkwaruzo, iondoe. Ukikuta akodioni inasikika ndani ya pumzi ya mzee, tafadhali ikate, na uangalie sana pumzi isiguswe. Sauti ya kuimba usiiache hata kidogo, lakini ule mdomo unaofunguka kabla ya kuimba tunauhitaji. Klik uliyotuwekea masikioni ilivuja kidogo kupitia hedifoni ya mzee. Hiyo si yetu, baki nayo. Yule mgeni wa programu tunaomba kidole chake ukitoe kwa heshima na usikitumie tena kwetu, isipokuwa aje mwenyewe. Akija, tutampa kiti na chai, na atapiga anachotaka.

Gharama nitalipa kwa bei yako ile ile ya saa, na nitaongeza nauli ya kijana wako. Siku ya kuuzindua wimbo tunakualika uwe mgeni wa heshima hapa Gatong'ora. Utaketi meza ya mbele, karibu na mzee, umbali wa shubiri moja kutoka kwenye mvukuto, kwa kuwa ndipo masikio yako yanapopenda kukaa. Hatutaomba hotuba. Tutaomba tu usimame ucheze na shangazi wimbo ukianza, na uiname atakapoinama.

Flashi nimemwachia kijana wako, nyeusi, imefungwa kwa uzi wa gitaa uliokatika, ule wa nne. Nafasi iliyomo inatosha. Nitapita kuichukua Jumatatu asubuhi, na nikiambiwa uko kwenye miksi nitangoja kwenye lile benchi la nje, pamoja na mpwa wangu na chupa yake.

Wako mtiifu na mwenye deni la shukrani,

Mpiga gitaa kavu,
Gatong'ora, Ruiru.

Nakala: Mzee wa akodioni; mwanawe wa karing'aring'a; mpwa wa chupa; shangazi na mumewe.